Mwalimu Ittoop Varkey, Mtu Asiyetulia

Mheshimiwa Padri, ndugu, majirani, na nyinyi wanafunzi wake mliojaa hadi barabarani, familia inawasomea maisha ya Mwalimu Ittoop Varkey, aliyezaliwa tarehe 14 Julai 1949 karibu na Pala, mtoto wa nne wa Varkey na Eli; mama yake aliapa kwamba mwanawe huyo alikimbia kabla hajajua kutembea.

Alimaliza shule mwaka 1966, akasomea ualimu wa michezo mjini Kozhikode, na tangu Juni 1972 hadi alipostaafu Machi 2004 alifundisha hapa Pala, akiwakimbiza watoto mvuani huku yeye akiwa mbele yao. Tarehe 3 Mei 1976 alifunga ndoa na Aleyamma, wakajaliwa Bincy na Mercykutty, na katika picha ya harusi sura yake imetoka ukungu, kwa sababu hata siku hiyo hakutulia.

Septemba 2012 alibanwa kifua, madaktari wakampima moyo hospitalini kule Kottayam kwa mrija uliopitishwa kwenye mshipa wa kinena, akaamriwa alale mguu umenyooka hadi kesho yake. Mchana Padri wetu wa zamani akaingia wodini kumwombea, naye Mwalimu, huyo, akasimama wima, akisema, “Tangu lini mtu akampokea Padri amelala?” Tundu lililoachwa na mrija likafunguka, damu ikatoka mshipani ikajitengenezea mfuko pembeni, ukawa unadunda kama moyo wa pili, na ungeweza kupasuka wakati wowote.

Daktari Sheeba Kuruvilla aliukandamiza kwa kichwa cha ultrasaundi, ile mashine ya kuonyesha ndani ya mwili, mpaka mikono ikamfa ganzi, lakini mgonjwa alifurukuta mno, ikabaki sindano ya dawa ya kugandisha damu, ichomwe ndani ya mfuko huohuo. “Mwalimu, ukishtuka dawa ikaingia mshipani, mguu umekwenda na maji,” akamwambia. Mama yetu Aleyamma akamshika uso kwa mikono miwili. “Baba Bincy, maisha yangu yote nakuomba utulie. Leo nipe hiki kidogo tu, nakusihi.” Akatulia, machozi yakimtoka, hadi mfuko ukaacha kudunda kwenye kioo cha mashine, kisha akauliza, “Sasa niinuke?” Mama alicheka na kulia pamoja.

Mguu huo alitembea nao zaidi ya miaka kumi na moja, akabeba wajukuu, akagombana na waamuzi wa mpira. Moyo ulianza kuchoka Krismasi iliyopita, naye hata hivyo alikuwa akitoroka kitandani, hadi jioni ya tarehe 9 Februari 2024, mama alipomwambia alale, akalala bila kubisha. Mama akajua papo hapo kwamba anatuaga, akatuita sote.

Tunamshukuru Daktari Sheeba na wauguzi wake, majirani waliopika tangu juzi, na walimu wenzake waliombeba. Baba, hatukuamuru, amri hukuziweza. Tunakuomba tu, pumzika kwa amani.