Aliyeandika Wasifu wa Mama Gladness

Benchi letu la mtaa wa Kikuyu limeegemea ukuta wa mashine ya kusaga, upande usiofikiwa na vumbi. Jaha huleta birika la kahawa baada ya alasiri. Hamidi tunamwita Spika, kwa sababu hakuna anayemaliza sentensi bila ruhusa yake. Zablon ni Kura Moja. Aliwahi kugombea uenyekiti wa mtaa, na matokeo yakawa hayo. Mimi wananiita Mwalimu. Jana walimjadili Yotham, kijana wa Mvumi ambaye sasa ni mshauri wa mgombea udiwani. Asubuhi alikuwa amenipigia simu: Jumamosi nipande jukwaani, nieleze jinsi mgombea alivyosimama nami kwenye msiba wa mke wangu.

— Kazi ile kaisomea chuo kikuu, alisema Spika.

— Wapi, akajibu Kura Moja. Kajifunza mnadani. Mbuzi kakonda, unamlambisha chumvi, anakunywa maji mpaka anavimba, ndipo unamwita mnunuzi.

— Samaki mkunje angali mbichi.

— Spika, mgombea wake kazeeka yule.

— Kisiasa bado mbichi.

— Mimi nasikia hata mvua iliyovunja mkutano wa wenzao ni yeye, alisema Jaha. Ana mjomba kule Mvumi, mtu wa mvua.

— Mtama wa mjomba huyo ulikauka wote, nikasema.

— Mganga hajigangi, Mwalimu.

Nilikuwa nimechoka. Nikawaambia ninachokijua.

— Alianzia misibani. Alimaliza chuo, kazi hakuna, familia zikawa zinamwita aandike wasifu wa marehemu. Mlevi akawa mcheshi, mgomvi akawa mtu wa msimamo. Mgombea alimsikia kwenye mazishi fulani, akasema, huyu aniandikie mimi nikiwa hai.

Walicheka. Mimi sikucheka. Wasifu wa mke wangu aliuandika yeye. Aliniuliza marehemu alipenda kuimba nini akipepeta mtama. Hakuna mwingine aliyewahi kuniuliza.

— Basi kapande, alisema Spika. Kijana alikufaa, mfae. Mkono mtupu haulambwi.

— Mgombea hakuja msibani.

— Alileta turubai.

— Turubai lilikuwa la kanisa.

— Nani atakumbuka, Mwalimu?

Pembeni alikaa mgeni, Meshack, akisubiri pikipiki yake izibwe pancha. Jaha alikuwa amempa kikombe.

— Samahani, wazee wangu. Huyo marehemu aliitwa nani?

— Mama Gladness, alisema Spika.

— Hilo ni la mtoto. Lake mwenyewe?

Spika alimtazama Kura Moja. Kura Moja alitazama kikombe chake. Walikula vitumbua vyake miaka mingi, walibeba jeneza lake, na jina lilisomwa kaburini wakiwa wamesimama pale. Jaha aliinamisha birika. Likatoa masimbi ya kahawa tu.

Nikampigia Yotham.

— Shikamoo, Mwalimu.

— Marahaba, mwanangu. Jumamosi siji. Na Edina asitajwe jukwaani.



— Nimekuelewa, Mwalimu. Nilijua ungekataa. Waliniambia nijaribu.

Nikaiweka simu mfukoni.

— Edina, alisema Spika taratibu, na kwa mara ya kwanza hakuongeza kitu.