Levi Mukhisa, Fundi wa Majembe ya Nyota Mbili

Marehemu Mzee Levi Mukhisa alizaliwa tarehe 9 Agosti 1951 karibu na Kimilili, Bungoma. Alisoma hadi darasa la saba, kisha akaenda kwa mjomba wake kujifunza kufua majembe.

Mwaka wa 1975 alimuoa Nakhungu. Siku ya posa alibeba jembe alilolifua mwenyewe. Baba mkwe hakushukuru. Aliokota jiwe, akagonga lile jembe, akasikiliza mpaka mlio ukaisha. Ndipo akasema, "Huyu tumpe msichana." Tangu hapo marehemu hakuuza jembe ambalo mnunuzi hajaligonga, ila mara moja.

Mwaka wa 1978 alifungua karakana Kibomet, Kitale. Alifua majembe kwa springi za lori kuukuu, akiyapiga chapa ya nyota mbili. Watu saba walipata ugali pale.

Mwaka wa 1994, soko lilipokuwa limefunguliwa kwa bidhaa za nje, alikuja mgeni wa viatu visafi. Alitaka jembe moja tu.

"Si uligonge kwanza, bana," marehemu akamwambia.

"Nimekuamini, mzee."

Alimuuzia, lakini neno hilo lilimkaa rohoni. Mkulima gani anaamini jembe? Mwaka uliofuata madukani yalishuka majembe ya katoni kutoka ng'ambo, bei nusu, nayo yana nyota mbili. Aligonga moja mbele ya mwenye duka, likalia kama kifuniko cha sufuria.

"Mzee, watu wanauliza bei. Mlio hakuna anayeuliza."

Wale saba wakabaki wawili, halafu akabaki binti yake Edinah peke yake. Nani aliyemwelekeza yule mgeni kwenye karakana, marehemu hakujua. Alishuku wengi, hata ndugu yake mdogo anayesoma karatasi hii, maana huyo alikuwa akizurura Moi's Bridge miezi ile na hakueleza vizuri alifuata nini. Walipeana mkono Januari mwaka huu, lakini marehemu alimwangalia sana.

Kifua kilimsumbua tangu 2023. Alifariki Jumanne, tarehe 4 Machi 2025. Siku mbili kabla, alimwambia Edinah, "Nisichimbiwe kaburi kwa jembe la katoni."

"Na nyota ni zilezile, baba. Nitajuaje?"

"Si ugonge."

Jana vijana walileta majembe kumi na manne, yote ya nyota mbili. Edinah aliokota jiwe. Matatu tu ndiyo yaliyolia sawasawa. Kaburi lilichelewa, lakini limechimbwa kwa hayo matatu.

Ameacha mjane, Mama Nakhungu, watoto, Edinah na Khisa, wajukuu sita, na ndugu mmoja.

Mungu ampumzishe kwa amani, sasa asishuku tena mtu.