Bwana Wakil Jecha na Safu Zisizo na Watu

Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, Bwana Wakil Jecha, Mpiga Picha Mkuu wa kituo chetu cha picha, anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi. Waandaaji wa kijitabu hiki cha kumuaga wamenitaka niandike wasifu wake kwa kuwa meza yangu iko mlangoni, na kila anayeingia na kutoka hunipita. Nimeandika nilichokiona na nilichoelezwa na wenyewe. Bwana Wakil ameyasoma haya na hakufuta kitu.

Alizaliwa Mtoni mwaka 1965. Aliajiriwa 1992 kusafisha filamu, na mwaka uliofuata akapelekwa Kizimbani kupiga majani ya mikarafuu kwa ajili ya mabango ya wakulima. Zilitakiwa picha chache tu. Alirudi na filamu nne, zote majani, hata mkuu wa wakati huo akamwuliza kama kamera ilikwama. Kamera ilikuwa nzima. Kijana alikuwa ameona kwamba majani ya mkarafuu hukaa mawili mawili, yanatazamana, na jozi inayofuata hugeukia upande mwingine, kisha vile vile tena mpaka kileleni. Tangu siku hiyo akawa mtu wa kutafuta kinachojirudia.

Amepiga ngozi ya fenesi, macho ya nanasi, magamba ya changu, mikunjo ya mchanga maji yakishatoka, na vile vidonge vidogo vya mchanga ambavyo kaa huvimwaga kuzunguka mashimo yao kama waliokuwa wakitunga shanga. Kazi hii ina adabu zake, na waliopita mikononi mwake wanazijua. Usisubiri jua la utosini. Subiri la ubavuni, ndilo linaloamsha vivuli. Usioneshe mwisho wa safu. Ukate kwa ukingo wa picha, jicho liamini kwamba safu inaendelea. Na ya tatu: ondoa kila kinachoikatiza. Kwa adabu hiyo ya tatu, mtu naye ni kitu kinachokatiza.

Watu wengi walimshuku, na siwezi kuwalaumu. Mtu mzima akilala chali chini ya mkungumanga kutwa nzima, lazima aulizwe. Mlinzi mmoja wa shamba, Mzee Mkubwa, alimfuata mti hadi mti akiamini anapeleleza njia ya kuiba kungumanga. Mwishowe alichoka, akamletea mkeka. "Hutaki kusema unachokitafuta," alimwambia, "basi walau ulale pazuri."

Nyumbani Kiembe Samaki mambo hayakuwa tofauti. Mkewe, Bi Nassra, ameniruhusu niyaandike maneno yake: "Wenzangu waume zao hupiga picha harusini, wakarudi na biriani. Wangu mie hurudi na maganda."

Picha yake inayojulikana zaidi aliipiga mwaka 2014 katika kijiji kimoja cha pwani ya mashariki. Jina la kijiji silitaji, na nawaomba wenzangu wanaolijua wasilitaje ukumbini. Ilikuwa bamvua, maji yametoka mbali, na mashamba ya mwani yalikuwa wazi: vigingi baada ya vigingi, kamba baada ya kamba, mafungu ya mwani yamelala upande mmoja mpaka kwenye mwamba. Kinamama walikuwa wameinama katikati wakifunga mbegu. Bwana Wakil aliwaomba wampishe. Kiongozi wao, Bi Mwanakhamis, akamjibu, "Shamba letu, maji yanarudi, na we unatwambia tupishe. Haya, piga upesi." Wakasogea nyuma yake. Akapiga. Picha ikakuzwa, ikatiwa fremu, ikatundikwa ukumbi wa kuingilia, juu ya meza ninayokaa sasa.

Februari mwaka huu mgeni mmoja aliingia kuitazama. Alivaa vizuri na kusalimia vizuri, lakini nilipomwuliza jina alijibu kwa tabasamu. Alitaka kujua ufuo ule uko wapi. Nikamwambia sijui, na wakati huo kweli sikujua. Alirudi wiki iliyofuata na mwenzake, wakaipiga picha ile kwa simu. Nilimsikia mmoja akisema, "Umeona? Peupe kabisa. Hapana mtu." Mwenzetu Hamad alisema hao ni wapenzi wa sanaa. Mimi sijapata kumwona mpenzi wa sanaa akiulizia barabara ya lami.

Nilimweleza Bwana Wakil. Kesho yake alikwenda kijijini. Alimkuta Bi Mwanakhamis uani akianika mwani, akamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba bila kuinua macho.

"Umekuja kutuondosha tena?"

Wale watu wawili walikuwa wameshafika. Walionesha picha kwenye simu, wakasema ufuo ule hautumiwi na mtu, na kwamba kuna aliye tayari kuujengea. Kwa kinamama wale hakuna shamba la pili. Mwani hauoti kila penye maji, na atakayeng'olewa vigingi vyake pale hana pa kuvichomeka.

"Picha nzuri kweli, Wakil," Bi Mwanakhamis alimwambia. "Hata mie nlijitafuta mle nsijione. Mpima ardhi akija na kamba twamjua, tunafunga milango. We ulikuja na salamu."

Bwana Wakil hakujitetea. Mwezi wa Aprili kikao cha kijiji kilipokaa kuujadili ufuo ule, alisimama kueleza kwamba siku ile watu walikuwepo na ni yeye aliyewatoa. Hakufika mbali. Mmoja wa wageni waliokaa mbele alimwuliza kwa upole anazungumza kwa niaba ya nani. Alipotaja anapofanya kazi, akaulizwa kibali cha ofisi. Hakuwa nacho, akaketi. Jambo likaahirishwa mpaka Jumamosi ya kwanza ya Julai.

Aliporudi aliomba kibali. Ombi linashughulikiwa, ndivyo nilivyoelekezwa kumjibu kila alipouliza, nami ndivyo ninavyoandika.

Mwezi wa Mei, ombi likiwa bado linashughulikiwa, Bwana Wakil alipewa mkataba wa kuendelea mwaka mmoja zaidi baada ya kustaafu. Ulikuwa mkataba wa heshima. Kwa kadiri ninavyojua, hakuna mstaafu wa kituo hiki aliyewahi kupewa mkataba asiouomba. Sisemi kwamba mambo haya yanahusiana. Nasema yalifuatana.

Siku hiyo alikuja mezani kwangu akaniuliza kama mtumishi wa mkataba naye anahitaji kibali ili azungumze mbele ya watu. Nikamjibu ndiyo, kanuni ni ile ile.

"Na mstaafu?"

Nikaifungua kanuni, nikaisoma, nikairudia. Mstaafu hatajwi. Bwana Wakil akacheka kwa mara ya kwanza tangu Februari, akaurudisha mkataba bila saini, pamoja na shukurani zake. Mimi sikucheka, maana nilikuwa natazama nani yuko kwenye korido. Aya hizi nimeambiwa zinaweza kufupishwa kwa ajili ya nafasi. Ikiwa mnazisoma, nafasi imepatikana.

Kamera za kituo amezikabidhi kwa Bi Badria, aliyemfundisha mwenyewe. Bi Badria anasema katika somo la mwisho waliifuta adabu ya tatu. Walikwenda pamoja bamvua ya mwezi huu, wakawapiga kinamama kazini, kila mmoja katika shamba lake, kwa idhini yake. Bi Mwanakhamis alikubali kwa sharti kwamba aiangalie kila picha kabla kamera haijarudi mkobani, na moja akaikataa kwa sababu imemnenepesha.

Bwana Wakil, kwa miaka thelathini na mitatu umetufundisha kuangalia kitu mara ya pili, pale ambapo wengine tungepita. Tunakushukuru, na tunamshukuru Bi Nassra aliyevumilia maganda. Mwenyezi Mungu akupe afya na usingizi wa raha. Jumamosi hiyo ya Julai utasimama ukiwa raia wa Kiembe Samaki, na atakayekuuliza unazungumza kwa niaba ya nani hatapata ofisi ya kuipigia simu. Tunakutakia maisha mema, na sauti isikukauke.