Tundu la Besi na Kiti cha Mama Mkwe

Benchi letu liko kati ya karakana ya Seremala na duka la Kinyozi, na ukishakaa hapo na kikombe cha kahawa unakuwa mtaalamu wa chochote. Jana tulikuwa wataalamu wa besi. Seremala alitutolea nje boksi jipya la spika, limebakiza kutobolewa tundu la kupumulia tu. Boksi lake la kwanza alilitoboa dogo. Kwenye sherehe ya shemeji yake, kila besi ilipogonga, hewa ilichomoka kwa ile sauti ambayo watu wastaarabu hukisingizia kiti. Aliyekaa ubavuni mwa boksi ni mama mkwe wake. Ukumbi mzima ukamgeukia. Tangu siku hiyo alikuwa hajamsemesha mkwewe, na Jumamosi binti wa Seremala anaolewa.

— Safari hii natoboa kubwa, alisema Seremala. Hewa ipite kimya kimya.

Kinyozi akaleta bakuli lake la povu, akalifunika ubaoni lizungushiwe mstari wa tundu. Alidai pua pana haikoromi, akatutajia na wateja wake wa mfano. Mimi, niliyezunguka nchi za watu, nikasema huko nimeona matundu ya kupitisha ndoo.

— Uliyaona ukiwa ndani ya ukumbi? akauliza Kinyozi.

— Nje. Nilikuwa nalinda mabegi ya wenzangu.

— Basi uliona dirisha.

Fundi Redio, aliyekuwa akipuliza kahawa yake muda wote, akakohoa.

— Mkipanua tundu, bomba linaloanzia hapo kuingia ndani nalo lirefuke. La sivyo ile besi nzito inapanda, mnabaki na sauti ya debe.

— Lirefuke mpaka wapi? akauliza Seremala.

Fundi Redio akatumbukiza mkono ndani ya boksi, pale pa kufungia spika. Vidole vikagonga ubao wa nyuma, kiwiko kikiwa bado nje.

— Mpaka nyumbani kwako.

Kwa hiyo dogo linaaibisha, kubwa halina pa kulaza bomba lake. Kinyozi akashauri ubao wa nyuma ung'olewe wote. Mimi nikataka bomba lipite ukutani litokee jikoni, wapishi nao wafaidi. Seremala alishika keekee yake ya kutobolea kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa jirani.

Hapo mama mkwe mwenyewe akatokea. Tukasimama, tukaamkia. Akalitazama boksi, akalitazama bakuli, akatutazama sisi.

— Ndilo la Jumamosi hilo?

— Ndilo, mama. Seremala akaiweka keekee chini. Halitakuaibisha tena. Tunatafuta tu kipimo cha tundu.

— Sawa, baba. Lakini kwa nini kiti changu lazima kiwe ubavuni mwake?

Fundi Redio akachungulia ndani ya boksi kama vile jibu limeangukia humo. Seremala alinitazama mimi, msafiri, nami nikainama kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala. Kinyozi akasema anaitwa na mteja, akaingia dukani kwake, mlimokuwa na viti vitupu na kioo.