Wa Tatu na Daftari la Jina Lake

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Mwenye chai aishike, mwenye kazi ya mikono aendelee nayo. Leo namkumbuka mtu tuliyemzika Jumamosi: karani mstaafu wa ofisi ya vizazi. Mtaani tulimwita Wa Tatu. Jina lake halisi sitalitaja. Bintiye ameniomba nisilitaje, na sababu mtaisikia.

Kwa nini Wa Tatu? Kwa sababu darasani kwao walikuwa watano wenye jina moja. Watano, jamani! Lilikuwa jina la mababu, na enzi hizo karibu kila nyumba ilikuwa nalo. Mwalimu akiliita, dawati zima linasimama. Akachoka, akawapa namba. Yeye akawa wa tatu, na wa tatu akabaki mpaka mvi.

Akaajiriwa ofisi ya vizazi. Miaka thelathini na minne kwenye meza ileile, karibu na dirisha lenye kioo kilichopasuka, muhuri mkono wa kulia. Mzazi anakuja na karatasi ya hospitali, anataja jina la mtoto, karani anaandika. Sheria yake ilikuwa moja, na aliifundisha kila aliyekuja nyuma yake: karani anaandika anachoambiwa na mzazi. Hashauri. Haguni.

Lakini alikuwa na daftari lake, la shule, lenye jalada la buluu. Kila mwisho wa mwaka aliandika humo ni wavulana wangapi wamepewa jina lake. Mwaka wa kwanza, arobaini na mmoja. Miaka kumi baadaye, kumi na tisa. Halafu mchekeshaji mmoja wa televisheni akajiita jina hilo, suruali kaipandisha mpaka kifuani, watu hoi kwa kicheko. Mwaka uliofuata: sita. Wazazi wakaanza, ah, hilo la kizee, mtoto atachekwa. Wakaja na majina ya kwenye tamthilia, majina ya wacheza mpira. Na mimi nisijifanye mwema, wasikilizaji. Mwanangu wa kwanza nilimpa jina la mfungaji mabao. Aliyeliandika ni Wa Tatu. Hakuguna. Ukurasa wa mwisho wa daftari una wawili, kisha mmoja, kisha kistari, yaani hakuna hata mmoja. Vistari tisa, miaka tisa mfululizo.

Siku moja aliingia baba kijana, furaha imemchanganya, jina hana. "Karani, andika lako tu, yaishe." Dada aliyekuwa anajifunza kazi pale ananiambia aliona kalamu imeshagusa karatasi. Kisha Wa Tatu akaiweka chini. "Nenda kamuulize mama mtoto kwanza." Mchana kijana akarudi na jina jingine. Mimi ningeandika! Haki ya Mungu, ningeandika.

Basi akabaki na tumaini moja, bintiye, mtoto wake wa pekee. Wiki sita zilizopita binti akajifungua mtoto wa kiume. Mzee wakati huo yuko wodini, figo zimegoma, madaktari wameshasema hakuna la kufanya. Binti akamwinamia kitandani. "Baba, nimempa jina lako." Mzee akalia, akacheka, akawatangazia wagonjwa wodi nzima. Kisha, karani ni karani tu, akasema, "Niletee cheti nikione."

Binti nilizungumza naye sebuleni kwao, mtoto mapajani. Maneno yake ni haya: "Nilimdanganya. Mume wangu hakulitaka, na mimi, nisimsingizie mtu, sikulitaka. Nilidhani baba hamalizi wiki. Akafika wiki tano. Wiki ya kwanza kila siku ananiuliza, cheti je? Namwambia hakijatoka. Na cheti ninacho, kimo humu mkobani, kina jina jingine. Halafu akaacha kuuliza. Nikianza mwenyewe kujitetea ananikatiza, usijali mama, vyeti siku hizi vinachelewa sana."

Wasikilizaji, Wa Tatu alikuwa anajua. Nasema tena, alikuwa anajua. Alimpigia simu yule dada aliyejifunza kazi kwake, ambaye sasa ndiye anayekaa kwenye meza yake. Dada hakuweza kumficha. Ananiambia, "Nilimwambia, mzee, bado linaweza kubadilishwa, nizungumze na binti? Akanijibu, mwanangu, mimi nilikufundisha nini?"

Siku mbili kabla hajafariki aliomba ambebe mjukuu. Binti akatoka kununua maji, akarudi, akasimama mlangoni. Akamsikia baba yake anamwita mtoto kwa jina lililo kwenye cheti. Taratibu, mara mbili, kama anayejifunza. Hakuingia. Alidhani ni mumewe aliyemwambia. Ya simu ameyajua juzi, baada ya mazishi, na tangu hapo hali wala halali.

Makaburini jina kamili la marehemu liliposomwa, jirani yake wa miaka ishirini alinigusa bega. "Huyo nani tena?"

Kwako binti, na mumeo, na wote mliofanya naye kazi pale dirishani, poleni. Poleni sana. Mungu amlaze mahali pema. Na nyinyi mnaonisikiliza, kama nyumbani kuna mzee mnayemwita kwa utani, mwiteni leo kwa jina lake kamili, hata mara moja, wakati yupo wa kuitika.

Jina la Wa Tatu sijalitaja. Binti anasema hawezi kulisikia redioni huku mtoto yuko mapajani na hageuki, kwa kuwa si lake. Daftari sasa analo yeye. Mwaka huu haujaandikwa. Aliniuliza aandike nini. Kistari hawezi kukiandika, na akiandika mmoja atakuwa amemdanganya baba yake tena.