Karata za Kumgombea Mama

Mbele ya saluni ya kinyozi kuna benchi refu lenye mguu mmoja uliotegemezwa kwa tofali, na hapo ndipo fundi bomba mmoja alikuwa anamwaga jasho mchana kweupe zaidi ya siku anazozibua mitaro. Kijiweni wanamwita Kifaru, kwa namna anavyocheza poka: anashambulia tu, kurudi nyuma hajui. Aliyemkabili ni dada yake wa tumbo moja, nesi, jina la kijiweni Komeo, maana akijifunga hafunguki. Karata mbaya anatupa, ya wastani anatupa, anangoja nzuri tu. Dau lilikuwa maharage mabichi, lakini si maharage waliyokuwa wanagombea. Mama yao alikuwa ameanguka tena bafuni, akakubali kuhama, na sasa alikuwa njiani, ashukie hapo kijiweni. Kila mmoja alimtaka kwake. Walishagombana kwenye simu hadi sauti zikakauka, ndipo Komeo akasema basi, tucheze: atakayemaliza maharage ya mwenzake ndiye atakayekaa na mama.

— Pandisha dau! — alisema kinyozi, ambaye kwa maneno yake mengi anaitwa Bunge. — Poka ni kama kunyoa. Mashine ikishagusa kichwa, huulizi tena.

— Ndiyo maana wateja wako wanatoka na mabaka, — alijibu mzee Breki, dereva mstaafu wa lori, huku akipuliza kahawa. — Kifaru, mwanangu, tulia. Jilinde.

Kifaru hakutulia. Mkononi hakuwa na kitu, akasukuma maharage kibao mbele, akakunja uso.

— Mkwara huo, — alisema Komeo taratibu, akafuata dau kwa kuweka maharage idadi ileile. Karata zilipofunuliwa, nusu ya maharage ya Kifaru ilihamia kwa dada yake.

— Umeona? — Breki alisema.

— Bahati mbaya tu! Mkubwa yeyote duniani ni mshambuliaji. Mtazame simba.

— Simba analala kutwa nzima, Bunge.

— Analala kwa kushambulia!

— Kobe je? Anaishi kuliko sisi wote kwa sababu ya kujilinda.

— Umewahi kumwona kobe akicheza poka?

— Hata akifungwa sijawahi kumwona!

Benchi lilicheka hadi likayumba. Kifaru peke yake hakucheka. Kichwani alikuwa anamwona mama yake chini kwenye sakafu yenye maji, anaita na hakuna wa kumsikia. "Sishindwi leo," alijiambia. "Nikilazimika kubadilika, nitabadilika."

Akaanza kutupa karata. Akatupa tena. Bunge alishika kichwa kama aliyefiwa.

— Kifaru, unaumwa?

— Niache.

Komeo aliona mdogo wake amepoa, akaanza kujinyakulia madau madogo madogo. Kifaru alimwachia huku akimtazama mikono. Akagundua kitu: dada akiwa na karata nzuri kweli, anaweka kidogo, ili usikimbie. Basi yeye akawa anajilinda mpaka apate kitu cha maana, halafu anapanda kwa nguvu, kisha anajifunga tena. Maharage yakaanza kurudi, hadi marundo yakalingana.

Raundi iliyofuata, kati ya karata tano za wote zilizolazwa benchini, moja ilikuwa mfalme, na Kifaru alikuwa na mfalme mwingine mkononi, jozi nzuri. Akaweka dau la kiasi. Komeo, ambaye tangu aanze kuzishika karata hajawahi kufanya hivyo, akasukuma maharage yake yote.

— Kimbia! — Breki alisema. — Huyo hasukumi bila mzigo.

Hata Bunge aliinuka kuchungulia.

Kifaru alimtazama dada yake. Angekuwa na mzigo, angeniwekea kidogo, aliwaza. Huyu anataka niondoke.

— Nafuata, dada.

Komeo alifunua malkia na nane. Hazikuoana na chochote benchini. Bunge aliruka, akaigonga kahawa ya Breki ikamwagikia mzee suruali. Komeo aliyasukuma maharage kwa mdogo wake, kisha akainamisha macho.

Hapo bajaji ikasimama, na mama mwenyewe akateremka na mkoba wake.

— Shikamoo mama, — walisema wote kwa pamoja.

— Marahaba. Kelele zenu nimezisikia tangu kona ile. Nani kashinda?

— Mimi, mama, — alisema Kifaru.

— Hongera. Umeshinda nini?

Bunge aligeukia saluni yake. Breki alichungulia kikombe kitupu. Mama aliyatazama maharage, akawatazama wanawe, na uso ukabadilika.

— Aha, — alisema.

Kurudi nyuma kumbe ni kugumu hata ukiwa umeshinda. Lakini Kifaru alisimama.

— Tulikosea, mama. Wewe mwenyewe unataka kukaa wapi?

Mama hakusita.

— Kwa dada yako. Wewe una mke, una watoto, una watu wa kugombana nao. Huyu akirudi nyumbani kutoka kazini anasalimiana na nani?

Komeo alijifuta macho kwa kiganja, kidogo tu. Kifaru akauchukua mkoba wa mama, akampa mkono wa pili ashike.

— Twende, dada. Leo leo nafunga vyuma vya kushikilia bafuni kwako, na sitoki mpaka vikaze.