Mwalimu Kondo na Mashine ya Nukta Nundu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mwalimu Husseini Kondo, msimamizi wa chumba cha kompyuta cha shule yetu hapa Kibaha, anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu. Klabu ya Kompyuta tumeombwa kuandika wasifu wake. Tulitamani uwe wa furaha tupu. Tumeshindwa.

Alizaliwa Mzenga, Kisarawe, akaja kwetu kufundisha hisabati. Mashine ya kuchapa nukta nundu ilipoletwa kwa ajili ya wanafunzi wasioona, kompyuta zetu hazikuitambua. Mwalimu alijifunza mwenyewe, akaandika programu ya kuziwezesha kuwasiliana nayo kwa waya wa USB.

Mwanzoni programu ilituchekesha. Naila, mwenzetu asiyeona, wakati huo kidato cha pili, alipitisha vidole kwenye notsi za Baiolojia, akauliza, "Shikamoo Mwalimu. Hivi moyo nao una masika na vuli?" Programu ilikuwa ikipewa nafasi ya kuwekea maandishi kwenye kumbukumbu ya kompyuta bila kuisafisha kwanza, na mabaki ya Jiografia yalikuwa bado humo. Mwalimu alicheka hadi akavua miwani. Tangu hapo alitufundisha: omba nafasi inayotosha, hakikisha umepewa, isafishe, wala usiirudishe kwa kompyuta mpaka mashine iseme imemaliza.

Sheria hiyo ya mwisho aliifikisha hata ofisini. Madamu Stellamaris, mwalimu wa taaluma, hukusanya vikombe vya chai mapema mno. Mwalimu Kondo hukikumbatia chake: "Madamu, mwache mtu amalize!"

Mwaka huu zimeletwa kompyuta mpya, za zamani zikaondolewa. Programu inakwama. Ukurasa unafika nusu, mashine inanyamaza. Mwalimu amegundua kuwa nafasi inarudishwa wakati mashine bado inasoma, ila hajapata ni wapi ndani ya programu. Aliomba abaki hadi Naila amalize mtihani wa kidato cha nne. Akajibiwa kwamba umri ni umri. Sisi tuliigusa programu, tukaiharibu zaidi. Naila sasa husomewa kwa zamu, na maswali ya hesabu hayasomeki kwa mdomo.

Jana meza ya Mwalimu ilitolewa, yeye akiwa bado anaitumia. Naila ameomba ukurasa wa mwisho uliochapwa. Unaishia katikati ya swali.

Mwalimu, asante kwa kila ukurasa uliofika mwisho. Tunakuombea afya huko Mzenga, mihogo inayostawi, na kikombe cha chai ambacho hakuna atakayekuondolea kabla hujamaliza.